Khanga za Ukweni: Zimezunguka Dunia, Zimeshindwa Kuzunguka Kiuno

Safari hii imenigharimu shilingi milioni nne, laki mbili na elfu themanini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilizidi kwa elfu tatu, nikakumbuka maji niliyonunua uwanja wa ndege, chupa moja kwa bei ya nusu katoni ya Manzese. Humo sijatia bei ya khanga zenyewe, wala aibu, maana aibu sijapata mtu wa kunipangia bei yake.

Nyie wa kijiweni Tandale mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nikampa kipande kulingana na muda niliokuwa nao. Sasa nasikia mmeviunga vile vipande, na liko simulizi kwamba mie nilifungwa India. Sikufungwa. Naandika yote kwa mpigo ili mtu akitaka kunicheka anicheke kwa usahihi. Habari za viza, tiketi na sindano naziruka. Hizo ni foleni tu, na foleni mnazijua.

Tandika, kabla sijaondoka

Chanzo ni harusi ya shemeji yangu Somoe, mdogo wa mke wangu. Mkwe wangu, Bi Zuhura wa Kiwalani, ni mtu wa Lindi na mwenyekiti wa vikundi vya kina mama ambavyo vikikaa kikao hata mwenyekiti wa mtaa anasogeza kiti chake. Kina mama waliamua hawataki sare ya dukani. Wanataka khanga yao, rangi zao, na jina lao: MLIOSEMA SANA KARIBUNI PILAU. Somoe alikaa na uchumba mpaka mtaa ukachoka kusubiri ukaanza kusema, sasa khanga hizi zilikuwa salamu za kujibu.

Doti mia nne. Fedha zikachangwa, zikatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, nikakabidhiwa mbele ya mashahidi. Mkwe akaniambia, "Baba Rehema, usione kopo. Humu mna midomo ya wanawake mia nne. Ukiharibu, itakusema mmoja mmoja, na mie sitaizuia."

Njia ya kawaida ilikuwepo. Mzee Nassor ana duka la khanga pale Tandika, alilirithi kwa baba yake aliyelirithi kwa babu yake, na kazi hiyo ndiyo anayoifanya: unampa jina na rangi, anaagiza India, anakuletea. Nikaenda, nikaamkia, nikauliza bei. Akataja. Nikacheka kidogo kama ilivyo ada, nikataja nusu.

"Haiwezekani, mwanangu."

"Mzee, kitambaa hiki kweli? Ndani yake mna nini?"

"Ndani ya bei hiyo mna mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo tu."

Nikaaga. Mnajua utaratibu wetu: unaaga, unaondoka taratibu, mwenye duka anakuita, "Njoo bwana, ongeza kidogo." Nikaondoka taratibu. Nikafika kwa muuza viatu. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Nikageuka. Mzee Nassor alikuwa anasoma gazeti.

Pale pale, nimeinama, nikaapa kumruka mtu wa kati. Kama khanga zinatoka India, na ndege zinakwenda India, huyu mzee na gazeti lake ana kazi gani? Mpango ukawa huu: niagize doti mia sita, mia nne za ukweni, mia mbili za kwangu niuze, faida ilipe nauli na ibaki. Hesabu hiyo niliifanya mara mbili. Zote mbili nilikuwa bado nimekasirika.

Dar hadi Uarabuni, na kukwama

Ndege ya kwanza ilitufikisha mji mmoja wa Uarabuni tubadilishe. Ndege ya pili ikawa haipo. Ubaoni iliandikwa imechelewa, ikaandikwa tena imechelewa, halafu ikaacha kuandikwa kabisa, kama mdeni anayezima simu. Tukagawiwa karatasi za kwenda kulia chakula, kila mtu moja. Nikaomba ya pili, nikaambiwa moja. Nikasema mie nimechelewa mara mbili. Yule binti wa kaunta akanitazama kama anayetafuta kitufe cha kunizimia.

Kwenye foleni ya wali nilikutana na Dada Flora wa Mbagala, anayefuataga magauni ya harusi Mumbai. Mwanamke amekaa juu ya begi lake kama amekaa kibarazani kwake.

"Braza, wewe ni mgeni wa njia hii," akasema.

"Umejuaje?"

"Umebeba khanga ya kujifunikia na mkate. Wazoefu tunabeba chumvi."

Nikamuuliza habari za bei za kule. Akatafuna, akafikiri. "Wale wa viwandani hawakatai bei. Unayotaka wanakupa."

"Hawakatai kabisa?"

"Kabisa. Ndiyo maana uwe makini."

Mie nilisikia sentensi ya kwanza. Ile ya pili niliiona ni wivu wa mtu aliyetangulia. Moyoni nikajiambia, Shabani, nchi uliyokuwa unaitafuta tangu utotoni ndiyo hii, watu hawakatai bei. Usiku ule nililala kwenye kiti cha chuma nikitabasamu.

Mumbai hadi Jetpur, kwa treni

Jetpur ni mji wa Gujarat. Khanga nyingi mnazozionaga zinapita mbele yenu pale Tandale zimechapwa huko, na watu wa huko wenyewe hawazivai. Mji mzima unachapa methali za kusutana za wanawake ambao hautawaona, kwa lugha ambayo hauisomi. Sie tunagombana Kiwalani, wino unakaukia Jetpur.

Treni ni ndefu, na chakula cha ndani ni kama kilitoka kwa Wahindi wetu wa Kisutu: chapati, kachori, sambusa, achari. Nimevuka bahari nzima kwenda kula bagia. Kilichonishinda ni dengu. Dengu za Gujarat zina sukari, ndipo nikaielewa ile chumvi ya Dada Flora. Nilipoonja nikadhani mpishi amekosea, nikampelekea habari kwa vidole. Akafurahi, akaniongezea.

Mbele yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, sari ya bluu, kapu kubwa, na mwanawe pembeni. Kila akifungua kapu ananipa kitu. Mara ya tatu nikatoa noti nimlipe. Akaitazama ile noti, akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama dirishani. Hakunipa tena kitu kwa vituo vinne. Nikajifunza kwamba nauli ya kula kwa mtu ni kula. Nikamwamkia shikamoo kwa mikono miwili, hakujua maana yake lakini heshima aliijua, kapu likafunguka.

Likatoka pakiti la korosho. Nyeupe, nzima nzima, hazina kovu, zimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Mwanawe akaniuliza kwa Kiingereza cha kuazima kama changu, "Kwenu zipo hizi?"

Nikamwambia zipo. Sikumwambia kwamba mkwe wangu ana mikorosho Lindi, kwamba korosho zake huuzwa na maganda yake kwenye gunia, meli inazipeleka huku, huku zinavuliwa maganda, zinavishwa suti, na pakiti lile dogo lina bei ya kunifanya nione kizunguzungu. Kituo kilichofuata nikanunua pakiti moja la kumpelekea mkwe. Niliomba punguzo. Nilikataliwa. Nikasema afadhali, huyu bado ana utu.

Kiwandani

Mwenye kiwanda ni mzee, lakini anayeongea na wateja ni mwanawe, Bhavesh, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limenyooshwa, na Kiswahili anacho cha kutosha biashara: bei, doti, haraka, shida, sawa. Kakiokota kwa wateja wa kwetu, kidogo kidogo, kama mtu anavyookota misumari.

Chai ikaja kwenye kikombe kikubwa, ya maziwa, ina iliki, na biskuti nne sahanini. Bhavesh akanionyesha mchoro wa khanga yetu kwenye karatasi. Nikahesabu maua. Nikahesabu herufi za jina, zote zipo. Nikahesabu mistari ya pindo pande zote nne. Akachukua kikokotoo, akaandika bei, akanisogezea.

Nikacheka kidogo, kama ilivyo ada. Nikafuta, nikaandika yangu.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Kwetu, bei ikishushwa hivyo, muuzaji ana kazi zake za kufanya. Anashika kichwa. Anaapa kwa wanawe. Anakuuliza wewe unataka wale nini. Anakunyang'anya bidhaa, anairudisha, anakupa. Hayo ndiyo yanayokuambia umefika wapi, kama kijiti cha kupimia kina cha maji. Bhavesh aliitazama ile namba, akasema, "Sawa." Akaita kijana wa kazi, akamwambia neno kwa Kigujarati, kijana akaandika kitu, basi.

Nikaona uchungu. Sawa ya haraka hivyo maana yake nimeacha fedha mezani. Chai ya pili ikaja. Kikombe cha wastani, biskuti hakuna. Nikaandika bei ya chini zaidi.

"Sawa, ndugu." Akamwita kijana, neno moja, akaandika.

Nikasogeza kiti karibu na meza. Nikaenda tena chini. Hii ya tatu niliiandika kwa utani tu, nione atashika kichwa. Hakushika.

"Sawa."

Chai ya tatu ilikuja kwenye kikombe cha kahawa, haina maziwa. Niliiona. Nilihesabu hata vikombe, vitatu. Kilichokuwa kinanywea mbele ya macho yangu nilikihesabu, sikukifikiria.

Nikamuuliza, "Bhavesh, kweli, mwisho wako ni wapi?"

Akacheka kwa upole. "Mimi sina mwisho, ndugu. Mwisho ni wako. Ukitaka nakwenda chini mpaka kitambaa cha jasho."

Nami nikacheka. Nilidhani ni utani wa kibiashara. Tukapeana mikono, nikatembea kurudi gesti kama mtu aliyeoa mara mbili siku moja. Mzee Nassor na gazeti lake nilimwonea hata huruma.

Nilisubiri mpaka zikachapwa. Siku ya kufunga robota nilikuwepo. Nikahesabu doti mia sita, zimekunjwa, zinanukia wino, rangi kali kama pilipili. Nikazihesabu tena mbele ya Bhavesh, naye akanivumilia kama anavyovumiliwa mgonjwa. Mia sita kamili. Sikukunjua hata moja. Mie nimezoea kuhesabu. Kupima nilikuwa nimewaachia wenye viuno.

Jetpur hadi Wazo: safari ya mzigo

Mie nilirudi kwa ndege. Khanga zikapanda meli, ndani ya kontena la kuchangia, maana doti mia sita haziwezi kukodi kontena peke yake. Wakala wangu wa forodha, kijana wa Kurasini tunayemwita Kijiko kwa jinsi anavyopenda kuchota, alikuwa ananitumia ramani kwenye simu.

"Kijiko, mbona meli inakwenda kule? Dar ni huku."

"Inakwenda kushusha kwanza, bro. Halafu mzigo unachanganywa na wa nchi nyingine kwenye kontena jipya, unapandishwa meli nyingine."

"Kwa hiyo inaikwepa Dar ili ije Dar."

"Ndiyo biashara ya dunia hiyo."

Mwezi wa mfungo ukaingia, harusi ilikuwa imepangwa baada ya Idi. Mkwe akawa ananiuliza kila nikienda kufuturu, "Zimefika wapi?" Namwambia baharini. "Bahari ipi?" Namwambia ile kubwa. Anamega kipande cha muhogo, anakitafuna taratibu, na kutafuna kwa mkwe ni kikao.

Meli ikafika. Kontena likapelekwa bandari kavu moja huku Temeke, nikaliona kwa macho yangu kupitia uzio. Halikufunguliwa. Kontena la kuchangia halitoki mpaka wenye mizigo wote wamalize yao, na mmoja alikuwa hajamaliza. Alikuwa na vyoo vya kukaa, kumi na viwili, na masinki yake. Kila siku iliyopita, tozo ya kutunza mzigo ilipanda, nasi tusio na vyoo tunailipa.

Kijiko akanipa jina, Mzee Kimaro, na mahali, Wazo. Nikaenda. Huko vumbi la kiwanda cha saruji halina ubaguzi, nilifika nimeshaanza kufanana na ukuta. Nikamkuta mzee mstaafu amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya vyumba vingi isiyo na paa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa mabati?"

"Hapana mzee, mie ni wa khanga. Vyoo vyako vimezuia harusi yetu."

Nikamweleza. Alisikiliza kwa makini kabisa, akaniuliza bibi harusi anaolewa na nani, wa wapi, anafanya kazi gani. Halafu akasema, "Kijana, nikuulize. Nikivitoa vile vyoo nitaviweka wapi? Hapa hakuna paa, wataviiba. Kule vina ulinzi."

"Kule unalipia, mzee."

"Na mlinzi wa hapa atalipwa na nani, bibi yako?"

Jamani, ndiyo dunia yetu hiyo. Mzee wa Wazo hana bati, kwa hiyo vyoo vya Uchina havitoki, kwa hiyo khanga za India hazitoki, kwa hiyo Kiwalani hawana cha kuvaa. Wataalamu wana jina refu la kamba hiyo inayofunga watu wasiojuana. Mie naijua kwa upande ule inaponyonga.

Nikabembeleza. Nilipunguza, nikaongeza, nikaaga, nikaondoka taratibu kuelekea barabarani. Huyu aliniita. Tukakubaliana vyoo vikae stoo ya binamu yangu Tandale mpaka paa lipatikane, bila malipo, na yeye na mama watoto waalikwe harusini. Bado viko, vyote kumi na viwili. Binamu yangu anaweka nguo juu yake na hasemi na mimi.

Kiwalani, ukweni

Robota lilifika Kiwalani Ijumaa, harusi wiki ya pili yake. Kina mama wazee wa kamati wakaingia nalo chumbani, pazia likashushwa. Mie nikabaki barazani na pakiti langu la korosho mkononi, maana mwanamume hawezi kukaa chumba kimoja na mkwe wake anapojaribu khanga. Mke wangu Mwanahawa akawa anapita katikati, kama mkalimani wa nchi mbili zisizo na ubalozi.

Nilisikia robota likikatwa kamba. Nikasikia "aa" ya kusifia rangi. Nikasikia jina likisomwa kwa sauti, na kigelegele kimoja. Halafu mtu mmoja akacheka, akajizuia. Halafu hawakujizuia.

Mwanahawa akatoka, uso umekazwa. "Mama anauliza, hizi ni za watoto wa madrasa?"

"Mwambie ni za watu wazima."

Pazia ni kitambaa, anasikia kila neno, lakini heshima ni heshima. Mwanahawa akaingia, akatoka.

"Anasema watu wazima wa nchi gani."

Ndipo nikaelezwa. Khanga haikutani. Mkwe wangu, Mungu amzidishie, amejaliwa, na akiizungusha inafika ubavuni inasimama, kama mgeni aliyekosa mlango. Ukiinyanyua juani unamwona jirani upande wa pili. Na kwa chini inaishia kwenye ugoko.

Halafu Bi Zuhura akasema, akimwambia mwanawe kwa sauti ya kufika barazani, "Hebu muulize mumeo. Bei aliipunguza?"

"Anauliza bei uliipunguza?"

"Mwambie nilipunguza."

"Mara ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Tatu."

"Haya. Mwambie ahesabu na mie, maana anapenda kuhesabu. Ya kwanza, wakatoa uzi. Ya pili, wakatoa upande. Ya tatu, wakatoa miguu. Alipokuwa anapunguza bei, alidhani kinachopungua ni nini?"

Mie nilidhani ni faida ya Bhavesh. Maisha yangu yote nikimkata mtu bei, nimekuwa nikikata faida yake, kiburi chake, chakula chake cha jioni. Kitu chenyewe kipo mezani, kimeshatengenezwa, hakiwezi kunywea. Sikujua kuna mahali kitu hakijazaliwa bado, na bei ndiyo mama yake.

Nikatoa korosho, nikampa Mwanahawa aingize, zipoze hali. Zikatafunwa. Sauti ya mkwe ikasema, polepole kidogo, "Hizi za kwetu. Zimekwenda kunawa uso tu. Muulize hizi nazo alipunguza bei?"

"Mwambie walikataa."

"Ndiyo maana zimefika nzima."

Muda wa kuagiza nyingine haukuwepo. Kina mama wakakaa chini, sindano zikatoka, na uamuzi ukaletwa barazani: vipande viwili viungwe kuwa kimoja cha kiunoni, cha tatu kiwe cha kichwani. Kila mwanamke vipande vitatu. Wanawake mia nne, vipande elfu moja na mia mbili. Nikahesabu. Doti mia sita zina vipande elfu moja na mia mbili. Nikahesabu tena, nikitumaini. Doti zangu mia mbili za kuuza, nauli yangu, mtaji wangu, vyote vimefungwa viunoni kwa watu.

"Na fundi wa kuunga," sauti ikaongeza, "atalipwa na aliyepunguza."

Harusini

Harusi ilifana, sitawadhulumu. Isipokuwa jambo moja. Khanga zilivyoungwa, jina la kichwani likapotea kwenye mikunjo, la kiunoni likawa linatokea mara mbili kwa kila mwanamke: MLIOSEMA SANA KARIBUNI PILAU, MLIOSEMA SANA KARIBUNI PILAU, kuzunguka mwili mzima. Wanawake mia nne, mialiko mia nane. Waliosema sana waliisoma na wakaiheshimu. Wakaja, wakala, wakarudi tena kwa mwaliko wa pili. Pilau liliisha kabla ya ndugu wa bwana harusi kutoka Temeke kushuka kwenye basi. Mzee Kimaro peke yake alikuwa na sahani mbili, akaniambia nyumba yake ikipata paa nitakuwa mgeni wake wa kwanza chooni.

Juzi nimepita Tandika. Mzee Nassor akaweka gazeti chini. Habari alikuwa nazo, Tandika na Kiwalani si mbali kwa habari.

"Mzee," nikamwambia, "yale mambo yaliyokuwa ndani ya bei. Niambie sasa, nimeshalipia."

Akaelekeza kidevu nyuma ya duka. Kwenye kiti alikaa mkewe, mama mnene wa haja, anakunywa kahawa. "Kila sampuli ikija, anaifunga yeye kwanza. Isipokutana, inarudi. Mwaka mzima anafanya kazi hiyo, nami namlisha. Hiyo ndiyo bei uliyoikataa."

Yule mama akanikaribisha kahawa. Nilikunywa, kikombe kikubwa.

Sasa ombi langu. Mwanaidi, wa mwisho ukweni, naye kachumbiwa. Mkwe ameniita, kopo la maziwa lipo tena mezani. Amesema aliyepotea njia ndiye anayeijua, kwa hiyo nitumwe mimi, lakini safari hii khanga ikutane, na isipokutana kiunoni, mie nitakutana naye. Nikamwandikia Bhavesh. Nikaandika bei ya juu, ya haki, nikamweleza nataka kitambaa kizito, kipana, kirefu. Akanijibu kwa furaha: "Ndugu, wewe mteja wa zamani, nimekupunguzia." Nikaongeza. Akapunguza. Tumeshafanya hivyo mara tatu, na kila nikiona namba yake inashuka naisikia ile khanga inapanda magotini.

Kwa hiyo nauliza, na sitanii: nani kati yenu amewahi kumbembeleza mtu apandishe bei, akakubali? Alianzaje? Alisema nini? Unaaga na kuondoka taratibu, au unakaa? Mie kinywa changu hakijawahi kupita njia hiyo. Niambieni mapema, maana mkwe anataka jibu, na amesema nisilete hata sampuli moja kabla haijakaa kwanza kiunoni kwa mke wa Mzee Nassor.